Fuso liko mlangoni, kompyuta inajiapdeti. Hivi huwa inapanga?

Mama wa Mizani (mwanzisha uzi)
Jumatano, saa 2:40 usiku

Wakuu habari za jioni, na wa Mwanza wote mwadila.

Mimi si mtu wa kompyuta. Natunza hesabu za tajiri mmoja wa dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba. Kazi yangu ni mizani na karatasi: gunia linapimwa, naandika jina la mwenye mzigo, kilo, bei, nani kalipa na nani kakopa, halafu natoa karatasi dereva anaondoka nayo. Miaka yote nilikuwa na daftari la kaunta na kalamu mbili, moja nyekundu ya wadaiwa. Mwaka juzi tajiri akaleta laptopu ya mtumba na printa, akasema sasa tunakwenda kisasa. Tukaenda.

Leo nimefika saa kumi alfajiri kama kawaida. Kwa msioijua Mwaloni, saa hizo ndiyo mchana wetu. Giza bado, makuli wanapita na magunia mabegani wanapiga kelele za kuomba njia, wanunuzi wa Kongo na Burundi wanachota dagaa kiganjani wanazinusa. Fuso lilishageuza mkia mlangoni na dereva anataka awe ameuacha mji kabla jua halijatoka. Nafunua laptopu nakuta kioo kizima rangi moja, vidoti vinazunguka, asilimia 12, usizime kompyuta yako.

Nikasubiri. Nikaenda kunywa chai ya rangi na chapati, nikarudi, 27. Ikafika 30 ikakaa pale kama mgeni aliyeonyeshwa kiti. Dereva anapiga honi. Tajiri anapiga simu. Ikazima yenyewe, ikawaka, nikasema afadhali, kumbe inaendelea na 30 yake. Kwenye saa kumi na mbili kasoro umeme ukayumba, wa kufumba na kufumbua tu, taa zikarudi. Lakini laptopu hii betri ilishakufa, inaishi kwa waya. Ikazimika kama mshumaa.

Ilipowaka ikaandika kwamba inarudisha mabadiliko. Yaani imehangaika zaidi ya saa nzima, sasa inarudi ilikotoka! Imemaliza saa moja na nusu asubuhi. Hesabu nimezikuta, isipokuwa za jana jioni, maana nilikuwa nimeacha faili wazi nikafunga kifuniko tu nikaenda zangu nyumbani.

Fuso limeondoka na karatasi ya mkono. Kuna magunia mawili mpaka naandika hapa sijui ni ya nani, na nikikosa mwenyewe nitaambiwa ni mimi.

Ninachouliza: kwa nini saa mbaya? Kuanzia saa sita mchana laptopu imewaka haina kazi, na mimi nimekaa napiga miayo. Haijiapdeti. Inangoja alfajiri. Mwezi uliopita ilinifanyia hivihivi, na ilikuwa Jumatano vilevile. Nimeanza kuamini inanijua. Na nikizizuia apdeti kabisa nitapata hasara gani? Kijana mmoja jirani kaniambia, "Zima hayo mambo mama, ya kwangu haijaapdeti tangu niinunue."

---

Sangara Mkavu

Pole mama. Gunia la dagaa bei gani sasa hivi?

---

Mtoto wa Makoroboi

Huyo kijana jirani yako kasema kweli. Mimi nilizima 2019, napiga kazi za picha na video za harusi mpaka leo. Kompyuta ni kama mke mkimya, ukianza kumchokoza ndipo maneno yanaanza. Mpe fundi elfu ishirini akupigie Windows upya, akufungie na apdeti kabisa. Uzi ufungwe.

---

Dada Pasiansi

@Mtoto wa Makoroboi huyo mke mkimya wa 2019 bado yupo au alishaondoka, wewe ndiyo hujajua?

---

Fundi wa Stendi

Mama wa Mizani, pole sana, ila kwenye hiyo Jumatano hukukosea hata kidogo.

Microsoft wanatoa viraka vya Windows, yaani apdeti za kuziba matundu, Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu ni saa mbili usiku, na miezi ile wenzetu wanaporudisha saa nyuma inakuwa saa tatu usiku. Wewe umelala, laptopu imechomekwa na iko hewani, inashusha mzigo wake taratibu. Ikimaliza inatafuta muda wa kuristati, yaani kujizima na kuwaka upya. Muda gani? Ule inaoamini kwamba hufanyi kazi.

Hapo sasa. Ndani ya setingi za apdeti kuna kitu kinaitwa saa za kazi. Unaiambia mashine, kuanzia saa hii hadi saa hii usiniguse. Ikiwa iko upande wa kupangwa kwa mkono na hakuna aliyeibadilisha, mara nyingi inakuwa 8:00 hadi 17:00, yaani saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Saa za mtu wa ofisini. Saa kumi alfajiri kwake ni usiku wa manane na wewe umelala fofofo. Haikuchukii mama, haijui tu kwamba kuna watu kazi yao inaanza giza halijaisha.

Lingine ni hicho kifuniko. Kukifunga si kuzima, ni kuilaza, na ikiwa imelala na waya umechomekwa inaweza kujiamsha yenyewe usiku ifanye mambo yake. Tena hata kuzima kwenyewe, tangu Windows 8 ya 2012 kuna uwashaji wa haraka: moyo wa mfumo haufungwi, unawekwa kwenye diski kama ulivyo, kesho unarudishwa. Ndiyo maana mtu anakuapia kila jioni anazima, ukiangalia ndani unakuta mfumo haujaanza upya wiki tatu. Kinachoufunga kweli ni kuristati. Wateja wangu nusu huwa nawaponya kwa kuristati tu, na sisemi nimefanya nini, nitakula wapi?

Na ile "inarudisha mabadiliko" usiitukane. Zile asilimia ni mafaili ambayo mfumo wenyewe unayakalia, hayabadilishiki ukiwa unatembea, kwa hiyo inabidi yabadilishwe katikati ya kuzima na kuwaka. Ya zamani yanawekwa pembeni, na umeme ukikatika njiani inayarudisha. Bila hilo leo ungekuwa dukani kwangu na laptopu isiyowaka.

Nijibu mambo mawili: diski yake ni ile ya kuzunguka au SSD, ile isiyozunguka? Na ni Windows ngapi?

---

Mtoto wa Makoroboi

Mkuu Fundi, unatetea biashara yako. Tusisahau Oktoba 2018. Ile apdeti kubwa ya Windows 10 ilitoka tarehe 2, ikakutwa inafuta mafaili ya watu, nyaraka na picha, wakaisimamisha ndani ya siku chache. Apdeti imefuta mafaili! Halafu mnatuambia tuipokee kwa mikono miwili.

Na Julai 2024? Viwanja vya ndege dunia nzima skrini za bluu, kompyuta zimegoma.

---

Fundi wa Stendi

Ya 2018 ni kweli na sina cha kuitetea. Waliopoteza walipoteza.

Ya Julai 2024 unaichanganya. Ile haikuwa apdeti ya Windows. Ilikuwa faili bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike, tarehe 19, likaangusha kompyuta kama milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft wenyewe. Laptopu ya dagaa haina CrowdStrike, hiyo ni ya makampuni. Ukiona skrini ya bluu Mwaloni, kwanza angalia ram, joto na driva ya printa. (Bluu yenyewe inaondoka, Windows 11 mpya wameifanya nyeusi. Sijui nani aliomba.)

Ila na mimi nikupe yangu. Mei 2017, WannaCry. Vairasi inafunga mafaili yako halafu inadai hela. Kompyuta zaidi ya laki mbili, nchi kama 150, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Kiraka cha tundu lile kilishatoka Machi, miezi miwili kabla. Waliopigwa ni ambao hawakukiweka, wengi wao wakiwa na mke mkimya.

Wewe unapokea fleshi za maharusi wa mji mzima unazichomeka hapo. Mimi nisingelala.

---

Mtoto wa Makoroboi

Hiyo ya fleshi umenipiga. Ila bado sizimi msimamo.

---

Pengwini wa Igoma

Nimesoma mpaka hapa nacheka tu. Wakuu, hameni Windows, wekeni mfumo wa Linux. Tangu 1991 Linus Torvalds alipoitoa, ni bure, hakuna kukraki, hakuna asilimia 30. Kwenye Mint, aina moja ya Linux, apdeti inaingia huku unaendelea kuandika kilo zako. Kitakachodai kuristati ni kiini cha mfumo na vitu vichache, nacho kinakungoja wewe, hata wiki. Inakuonyesha orodha, unachagua nini kiingie. Ikiharibika una nakala ya mfumo ya jana, unarudi nyuma dakika kumi. Laptopu yangu ina ram ya GB 4, ina umri wa mdogo wangu aliye kidato cha tatu, inakimbia.

---

Dada Pasiansi

Nilijua tu atakuja.

---

Mzee wa Kamanga

Uzi wowote wa kompyuta una mtu wa Linux, kama msiba wowote usivyokosa mtu wa kuuliza chakula.

---

Fundi wa Stendi

Mimi mwenyewe nyumbani natumia Mint, kwa hiyo sitaitukana. Lakini niliwahi kumwekea mama mmoja wa steshenari. Wiki mbili raha mustarehe. Wiki ya tatu kiini kipya kikaingia, Wi-Fi ikapotea, ikabidi niende na waya kutoka mjini hadi Kisesa. Halafu wateja wake wanaleta kazi za Word zenye majedwali, zikifunguliwa kwa LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, jedwali linahamia ukurasa wa pili. Mwenye utafiti wake analia, mama ananipigia mimi. Pasaka nzima simu. Nikamrudishia Windows kwa gharama zangu.

Kwa mtu anayejisimamia mwenyewe, safi. Kwa mtu mwenye fuso mlangoni, uwe na Pengwini anayepokea simu saa kumi alfajiri. Unapokea?

---

Pengwini wa Igoma

Saa kumi alfajiri hapana. Saa tatu napokea.

---

Ticha wa Nansio

Niwape ya kisiwani. Nasimamia chumba cha kompyuta cha shule hapa Ukerewe, mashine kumi na mbili, intaneti ni hotispoti ya simu yangu na bando ni la mfukoni mwangu. Mara ya kwanza niliwasha zote kumi na mbili pamoja ili wanafunzi watafute somo la kilimo mtandaoni. Kabla hawajaandika neno la kwanza bando limekata. Mashine kumi na mbili, kila moja inashusha mzigo uleule. Apdeti za mwezi ni mamia ya megabaiti, mara nyingine zinapita gigabaiti. Somo la kilimo nilichora ubaoni.

Baadaye nikajifunza mawili. Mtandao wa simu unauambia kwenye setingi kwamba ni wa kulipia kwa kipimo, hapo Windows inaacha kujishushia apdeti nyingi bila ruhusa. Yenyewe haitambui kila mara kwamba ile hotispoti ni hela ya mwalimu. Na kuna mpangilio wa kompyuta za mtandao mmoja kugawiana apdeti, moja ikishashusha nyingine zinachota kwake. Kwa hiyo nashusha kwa moja, tena naiacha wiki nzima nione kama itaumwa, ndipo nawaachia wenzake. Hiyo ya kwanza wanafunzi wanaiita Kaonje.

Kilio changu kingine ni Windows 10. Iliachwa rasmi 14 Oktoba 2025, viraka vya bure vikaisha. Walitangaza mwaka mmoja wa nyongeza kwa watu binafsi wanaojiandikisha, hadi Oktoba 2026. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane isipokuwa chache. Mashine zangu tisa ni kizazi cha nne na cha tano. Zinawaka, kibodi nzima, vioo vizima, watoto wanajifunzia. Zimeambiwa zimezeeka na mtu ambaye hajawahi kuziona. Mimi nilistaafisha mwalimu mmoja mwaka jana, angalau tulimpikia.

---

Pengwini wa Igoma

Ticha hapo kwako ndiko kwangu. Hizo tisa tuwekee Mint. Hakuna majedwali ya wateja, hakuna fuso. Nikipanda meli Jumamosi nitakuja na fleshi tatu, nalala hapo, Jumapili mchana zimekwisha.

---

Ticha wa Nansio

Karibu. Chakula kipo, ni sato.

---

Mzee wa Kamanga

Mimi ni dereva mstaafu, nina swali la kijinga. Zamani tukisubiri kivuko Kigongo kuvuka kwenda Busisi, foleni masaa, mwanangu alikuwa anasema "acha laptopu ijiapdeti tukivuka itakuwa tayari", na kweli inakuwa tayari. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 tunavuka kwa dakika chache, na laptopu yake haijamaliza apdeti hata moja. Je, tudai kivuko kirudi?

---

Dada Pasiansi

😂😂 Mzee pumzika.

---

Kitambulisho Kimepotea

Mimi natumia MacBook. Haijawahi kuristati bila kuniuliza katikati ya kazi, hilo nalisema kwa haki. Lakini kila mwaka inatoka macOS mpya, yaani mfumo wake, na mashine ikishafikisha miaka saba au nane inaachwa njiani kama za Ticha. Na mfumo mpya ukiingia, programu yako ya zamani ya printa ndiyo kwaheri. Hakuna pepo mahali.

---

Mama wa Mizani

Wakuu nimerudi, nimesoma yote, wabeja sana. Fundi, mwanangu amenisaidia kuangalia: ni Windows 11, na diski ni ile ya kuzunguka, ukiweka sikio unaisikia inasaga.

Hizo saa za kazi nimeziona kwa macho yangu. Imeandikwa 8 mpaka 5. Nilipoona 8 nikasoma saa nane, nikasema mbona sawa, saa nane mchana mpaka saa kumi na moja si nakuwepo? Mwanangu akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni saa mbili mpaka saa kumi na moja jioni. Wamenipa kazi ya benki!

Nikajaribu kuipa saa zangu za kweli. Niko pale kuanzia saa kumi alfajiri, kuna siku mzigo unaingia jioni natoka saa mbili usiku, na kuna siku natakiwa usiku. Inakataa, mwisho ni masaa 18. Basi nimeiweka saa tisa usiku hadi saa tatu usiku. Imebakiwa na masaa sita ya kunifanyia visa vyake, na masaa hayo sasa laptopu naifungia kabatini haina waya.

Hapo ndipo nimekwama sasa. Isipokuwa na waya haiwaki, isipowaka haiapdeti, na Fundi ameshanitisha na hiyo WannaCry. Mchana ningeiachia, ila siku za mzigo hata mchana napigiwa, "Mama, toa karatasi ya fulani."

Yule jirani wa "zima hayo mambo" nimemuuliza kompyuta yake anafanyia nini. Anachezea mpira.

---

Fundi wa Stendi

Kuna kitufe cha kusimamisha apdeti. Unachagua wiki moja moja hadi tano, yaani siku 35. Zikiisha, inakulazimisha uweke zilizopo kwanza ndipo ikuruhusu kusimamisha tena. Kwa hiyo unachagua wewe siku ya kuziachia, badala ya kuvamiwa.

Na kwa heshima zote mama, nunua betri. Hata ya kukaa nusu saa tu. Laptopu isiyo na betri kwa umeme wa kuyumba ni mtumbwi usio na kata ya kuchotea maji. Diski nayo ukipata hela ibadilishe iwe SSD, zile asilimia utaziona zinakimbia. Na ukiileta nitaifungua feni. Laptopu za ufukweni nazijua, nilifungua moja ya Igombe nikakuta wale wadudu wa ziwani, wanaopanda juu kama moshi, wamejaa feni nzima na magamba ya dagaa juu yake. Mashine ikichemka inajipunguza kasi yenyewe, na apdeti ya nusu saa inakuwa ya saa mbili.

---

Mama wa Mizani

Siku 35 umesema?

Ngoja. Dagaa wanavuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, mitumbwi inapandishwa mchangani, wavuvi wanashona nyavu na kwenda makwao. Siku hizo za mbalamwezi Mwaloni kunapoa. Gunia moja moja la zamani, makuli wanacheza bao, mimi nakuja kwa sababu tu tajiri analipa. Na mbalamwezi inarudi kila baada ya siku 29 au 30.

Kwa hiyo nikisimamisha leo mpaka mbalamwezi, nikaiachia siku hiyo mchana kutwa, halafu nikasimamisha tena mpaka mbalamwezi nyingine, si inaingia ndani ya hizo 35?

---

Ticha wa Nansio

Nimesimama darasani nikapiga makofi, wanafunzi wananiangalia.

---

Fundi wa Stendi

Inaingia, na siku tano zinabaki. Miaka yangu yote ya ufundi sijawahi kufikiria hilo.

Nikupe tahadhari moja tu. Jumanne ya pili haifuati mwezi wa angani, kwa hiyo kuna miezi kiraka kitatoka siku mbili baada ya mbalamwezi yako, ukakaa wiki nne bila hicho kiraka. Kwa laptopu inayofungua hesabu na kuchapa karatasi, na wewe hubofyi viungo vya ajabu vya WhatsApp, hatari hiyo naiona ndogo kuliko ya kuzima kabisa. Ukisikia redioni kuna vairasi inatembea, usingoje mwezi. Na hesabu nakili kwenye fleshi kila jioni, uichomoe uende nayo. Ikibaki imechomekwa si akiba.

---

Mtoto wa Makoroboi

Harusi hazifuati mbalamwezi. Mimi nifanyeje?

---

Dada Pasiansi

Kwaresima.

---

Mtoto wa Makoroboi

Na maharusi wa Kiislamu?

---

Dada Pasiansi

Ramadhani. Hapo una miezi miwili mizima na bado unalalamika.

---

Mama wa Mizani
(baada ya wiki tatu)

Mrejesho.

Betri nimenunua, elfu tisini, tajiri ametoa nusu baada ya kumwonyesha uzi huu kwenye simu (sehemu ya kata ya mtumbwi ndiyo ilimgusa, yeye mwenyewe alikuwa mvuvi). Feni Fundi ameisafisha. Magamba yalikuwepo, na wadudu, na kipande cha chapati ambacho sikijui kimefikaje. SSD tumeahidiana mwezi ujao.

Yale magunia mawili yamepata mwenyewe. Mnunuzi wa Burundi alirudi na karatasi yangu ya mkono kaikunja mara nne mfukoni, mwandiko wangu mwenyewe, nilimwandikia magunia yake yote manne, na hayo mawili yakiwemo, kwenye mstari mmoja kwa haraka ya honi. Tajiri sasa anataka tutumie vyote viwili, kompyuta na daftari la kaunta. Nimenunua kalamu nyekundu mpya.

Jana mwezi ulipanda mpevu juu ya ziwa, mtu ungeweza kusoma gazeti nje. Leo asubuhi mitumbwi yote iko mchangani. Nimekuja saa mbili, saa ya watu wa benki, nimebonyeza kuendelea na apdeti. Umeme umeyumba mara moja kwenye asilimia 41, nimeshika kifua. Haikuzima. Sasa iko 64, naandika hapa kwa simu, makuli wamenizunguka wanaangalia vidoti vinavyozunguka na wameshaanza kubeti itamaliza saa ngapi. Mimi nimesema saa tano.

---

Fundi wa Stendi

Kwa diski hiyo? Saa sita na robo.

---

Sangara Mkavu

Mama bado hujanijibu bei ya gunia.

---

Mama wa Mizani

Mbalamwezi hii hakuna bei. Giza likirudi njoo Mwaloni saa kumi alfajiri, nitakutolea na karatasi.